Watu wa Kurudi

Medina Fadhul aliingia katika kazi ya kupambana na ugonjwa wa malale kupitia cherehani. Mradi ulipokuja Arua ulitafuta watu wa kushona vitambaa vidogo vya bluu vyenye wavu mweusi ubavuni, vya kusimikwa kwenye kingo za vijito, kule watu wanakochota maji na kuogesha watoto. Mbung'o, nzi anayeeneza malale, kwa sababu anayoijua mwenyewe hupenda rangi ya bluu. Akikiona kitambaa huja, akagusa wavu uliotiwa dawa, na hafiki mbali. Mzee Fadhul, baba yake Medina, alikuwa fundi wa kanzu, na binti yake alikulia chini ya meza yake ya kukatia akiokota pini. Kazi hiyo haikumtoa jasho. Alishona hadi sisi majirani zake wa Awindiri tukawa tunamwita Mama Bluu, na hata mapazia ya nyumba yake yalikuwa masalio ya kazi.

Kwenye kompyuta alihamia bila kutaka. Karani wa ofisi aliolewa Gulu akaondoka katikati ya mwezi, na katika wanawake wote wa cherehani Medina peke yake ndiye aliyewahi kujifunza kupiga taipu. "Utakaa hapa kidogo tu, Mama Shamirah," Ivan, fundi wa kompyuta wa mradi, alimwambia Medina, akimwita kwa jina la bintiye kama ilivyo adabu. Kidogo hicho kilikuja kuzidi miaka kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Timu ya mradi ilizunguka vijijini na meza, ikawatoboa watu vidole na kupima damu. Damu ikisema hapana, mtu alienda zake. Ikisema ndiyo, alipelekwa kwenye hadubini kutafutwa mdudu mwenyewe wa malale. Akionekana, mtu alitibiwa. Lakini walikuwako watu wa katikati, ambao damu yao ilisema ndiyo na hadubini ikasema hapana. Hao hawakuwa wagonjwa wala hawakuwa wazima. Huwezi kumpa mtu dawa kali kwa tuhuma, na huwezi kumwacha, kwa sababu malale ya upande huu wa Nile haina haraka. Inaweza kukaa mwilini mwa mtu mwaka mzima au zaidi, yeye akilima na kucheka, kabla haijapanda kichwani. Watu hao walitakiwa kuitwa tena kila baada ya miezi kadhaa. Kwenye karatasi za wakubwa walikuwa na jina refu. Medina aliwaita watu wa kurudi.

Majina yao aliyaingiza yeye kwenye kompyuta, akiyasoma kwa sauti ya chini huku akiandika: jina, jina la baba au la mume, kijiji, kijito kilicho karibu. Mwezi wa mtu ukifika, jina lake lilijitokeza kwa rangi nyekundu. Medina aliyaandika mekundu yote pembeni, akampa dereva wa pikipiki, na pikipiki ikaenda Dranya, Lurujo na kwingineko kuwaita watu kwa siri.

Siri hiyo ilikuwa na chanzo chake. Mwanzoni karatasi zilikaa wazi mezani, na mgeni mmoja wa ofisi akaona jina la msichana aliyekuwa ameposwa. Uchumba ukavunjika, kwa maneno kwamba msichana ana ugonjwa wa kichaa. Ndugu zake walikuja ofisini wakapiga kelele mpaka barabarani. Tangu siku hiyo kila karatasi ikishaingizwa kwenye kompyuta, na kila orodha ya dereva ikirudi, ilichomwa uani, na Ivan akaambiwa afunge mashine ili mtu asiyehusika asione hata herufi. Ivan akafunga. Akaweka picha ndogo ya mbung'o kwenye skrini ya Medina.

"Bofya hapa, Mama. Itakuuliza jina yako na neno yako ya siri. Ukiisha andika, inafunguka. Usiguse kitu ingine."

Medina hakugusa kitu kingine. Ivan mwenyewe baadaye alipata kazi Juba ya kuuza mitambo ya umeme wa jua, akaondoka, na picha ile ya mbung'o iliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kisha wafadhili wakapungua. Ofisi ya Arua ilifungwa, na mradi ukabakiziwa chumba kimoja Koboko, nyuma ya duka la mbegu. Aliyeletwa kusimamia alikuwa Robert Obeti, mtu mpole, mwenye desturi ya kufuta vumbi la meza yake kabla ya kukaa. Siku ya kuhama alichukua faili la mradi, lile kubwa lililokuwa na watu wote ndani, akalinakili kwenye flashi, akalihamishia kwenye kompyuta mpya ya mkononi. Na kwa kuwa liliitwa kwa jina la Arua, na Arua hapakuwa na ofisi tena, akalibadilisha jina likaitwa Koboko. Alimwonyesha Medina.

"Sasa tuko nyumba mupya, jina mupya. Iko sawa?"

"Iko sawa, Bwana Robert," alisema Medina, na hakuwa na sababu ya kusema vingine. Kompyuta ya zamani ilipelekwa shule moja ya wasichana mjini Arua, pamoja na nyingine mbili, kama msaada. Wote wawili waliona ni jambo jema.

Koboko, Medina alikaa kwa bintiye Shamirah, aliyeolewa huko. Asubuhi ya kwanza ofisini alifungua kompyuta mpya akatafuta picha ya mbung'o, hakuiona. Robert akasema si neno, akabofya faili lenyewe. Kompyuta haikumwuliza Medina jina. Haikumwuliza neno la siri. Ilileta maandishi ya Kiingereza, yaliyosema kwamba yeye hana ruhusa ya kutazama kitu hiki, na kwamba akamwone msimamizi wa mfumo au aliyekitengeneza.

"Haijaniuliza hata jina," Medina alisema. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko kukataliwa. Alikuwa amejiandaa kujitaja.

Robert alijaribu tena. Akazima, akawasha. Akarudisha jina la zamani la Arua, akidhani labda faili limekasirika. Maandishi yalikuwa yale yale. Wakampigia Ivan Juba.

Ivan alifurahi kusikia sauti ya Medina, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha akaelezwa, na furaha ikamtoka.

"Mama, hizo faili zilikuwa mbili."

"Mbili vipi? Mimi naona moja."

"Moja iko na watu, wale wagonjwa. Ya pili iko na nyinyi wenyewe, majina yenu mnaoruhusiwa kuona hao watu, na maneno yenu ya siri. Ile picha ya mbung'o ndiyo ilikuwa naita zote mbili pamoja. Faili ya watu inaangalia ya pili, inaona Medina iko ndani, inakubali. Sasa haioni kitu."

"Na hiyo ya pili iko wapi?" Robert aliuliza, akiinamia simu.

"Iko kwa ile mashine ya Arua. Nilitia folda ya mbali, jina yake herufi tupu, mutu asijue ni nini. Nilificha kusudi."

"Kosa ni jina nilibadilisha?"

"Hapana, Bwana. Jina unarudisha, kazi inaendelea. Leteni hiyo faili ndogo tu. Ni ndogo sana, hata kwa simu inaingia."

Siku hiyo hiyo walipanda gari la kwenda Arua. Robert njiani alikuwa mwepesi wa maneno. Alisema hata yeye sasa amejifunza kitu. Shuleni walipokewa na mwalimu wa kompyuta, Daisy, mwanamke kijana mwenye tabasamu la mtu ambaye hajawahi kupewa kitu na ofisi yoyote. Aliwashika mikono kwa mikono miwili. Aliwapeleka chumbani, na Medina akaiona mashine yake. Aliitambua kwa kibodi, ambapo herufi ya A ilikuwa imefutika kwa kidole chake mwenyewe. Msichana wa sare ya kijani alikuwa ameikalia, akiandika "asali asali asali" kwa kidole kimoja.

Robert alieleza walichofuata. Daisy alisikiliza, na tabasamu lake likabaki mahali pake kwa muda, kama limesahauliwa.

"Lakini sisi tulisafisha, Bwana. Zote tatu. Tulileta fundi, akafuta kila kitu, akaanza mupya. Sasa hakuna hata virusi moja."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Tulifikiri ni vizuri." Akamtazama Medina. "Mama, tumefanya vibaya?"

"Hapana, mwanangu," Medina alisema. "Mmefanya vile mutu yeyote angefanya."

Fundi aliyesafisha aliitwa, akaja, akatafuta hadi jioni, akasema kilichokuwamo hakimo. Kulikuwa na nakala za akiba, zile CD, visahani vya kung'aa ambavyo Ivan alikuwa akivijaza kila mwisho wa mwaka na kuvifungia kabatini. Robert alivitazama vyote. Kila kimoja kilikuwa na faili la watu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na faili la pili. Walikuwa nao watu hao mara nyingi kuliko walivyowahitaji, na hawakuweza kumwona hata mmoja.

Ivan aliposikia alisema bado iko njia. Faili la pili linaweza kutengenezwa upya, likawa lile lile, ikiwa yataandikwa maneno yale yale aliyoyaandika siku alipolitengeneza mara ya kwanza: jina lake, jina la mradi, na neno moja alilochagua mwenyewe. Lakini lazima yafanane kabisa, herufi kubwa iwe kubwa, nafasi iwe nafasi.

"Basi tuambie hayo maneno," alisema Medina.

Ivan alianza kutaja neno moja, akaliacha.

"Mama, mimi sikumbuki."

Wakaanza kujaribu. Waliandika jina la Ivan peke yake, kisha pamoja na la baba yake, kisha la baba likitangulia, kwa herufi ndogo, kwa herufi kubwa. Waliandika jina la mradi refu, wakaliandika fupi. Neno alilochagua lilikuwa gumu zaidi. Ivan alifikiri labda ni jina la mtoto wake wa kwanza. Akahesabu akaona mtoto alikuwa hajazaliwa. Labda kijiji cha mama yake. Labda timu ya mpira. Kilichomchosha Medina ni kwamba mashine haikukataa neno lolote. Iliyapokea yote, ikatengeneza faili jipya la ufunguo kwa utiifu, na ufunguo ulipopelekwa kwenye faili la watu, yakaja maandishi yale yale. Haikusema umekosea wapi. Huenda mara nyingine walikosea herufi moja tu, huenda walikuwa mbali kabisa. Hapakuwa na namna ya kujua.

Mwanzoni Ivan alipiga simu kila siku na neno jipya alilolikumbuka sokoni au kitandani. Kisha akawa anapiga mara moja moja. Siku moja alisema, "Mama, mimi nilifunga vizuri sana. Nisamehe," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Medina alimwambia asijisumbue. Baada ya hapo, maneno yalipomjia Ivan, aliyatuma kwa ujumbe tu, bila salamu.

Robert aliandika Kampala kwenye ofisi kuu ya mradi. Kulikuwa na vijana mjini Arua waliosema wana programu za kuvunja vitu kama hivyo, lakini Kampala ilijibu kwamba majina ya wagonjwa hayapelekwi kibandani kwa fundi wa simu. Mtaalamu atatumwa, wasubiri. Medina hakuweza kupinga. Alimkumbuka yule msichana aliyevunjiwa uchumba. Wakasubiri. Mtaalamu hakuja, na Robert alipouliza tena aliambiwa tena asubiri.

Wakati huo miezi ya watu ilikuwa ikipita. Medina alijua kwamba ndani ya ile kompyuta majina yalikuwa yakigeuka mekundu bila mtu wa kuyaona, au hayageuki, kwa kuwa hakuna aliyelifungua faili. Hata hilo hakulijua. Akasema na Robert: tuwafuate kwa kichwa. Yeye ndiye aliyewaandika wote; lazima yako mabaki.

Mabaki yalikuwako, lakini yalikuwa mabaki ya namna mbaya. Alikumbuka majina bila vijiji, na vijiji bila majina. Alimkumbuka sana Candiru mmoja wa Dranya. Candiru ni jina wanalopewa wasichana waliozaliwa katika taabu, na taabu huku haijawahi kuadimika. Dranya ilikuwa na akina Candiru kila ukipiga hodi. Wa kwanza waliyemfikia alikuwa bibi mwenye nguvu anayepura mtama. Aliposikia neno malale aliweka fimbo chini.

"Nani amesema mimi iko na malale?"

"Hakuna mutu amesema, Mama. Tunauliza tu, kama walikutoboa kidole wakasema rudi..."

"Ondokeni. Nyinyi mnataka watu waniogope."

Na majirani walikuwa wameshaanza kusimama mlangoni. Robert alimshika Medina kiwiko wakaondoka. Njiani walikubaliana kwamba hawawezi kuendelea hivyo. Kila jina wanalolitaja ni siri wanayoivujisha, na pengine wanamvujishia mtu asiyehusika.

Wakajaribu makanisani na msikitini. Robert alisimama baada ya ibada akaomba yeyote aliyewahi kuambiwa arudi kupimwa aje kituo cha afya. Watu walisikiliza kwa heshima. Wengi walitobolewa vidole miaka hiyo. Hakuna aliyekumbuka aliambiwa nini, au aliyekumbuka hakutaka kukumbuka mbele ya wenzake. Walikuja vikongwe wawili wenye maumivu ya magoti, na mama mmoja aliyetaka chandarua.

Halafu akaja Severino Aliga. Alifika ofisini Koboko kwa baiskeli, mtu mrefu wa Dranya mwenye koti la kanisani, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Nilisikia maneno yenu kanisani," alisema. "Mke wangu mlimtoboa kidole. Mkamwambia arudi. Alirudi mara moja, mkasema bado, mtamwita. Sasa mimi nauliza, mlimwita lini?"

"Jina lake nani, Baba?" Medina aliuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshamwambia.

"Candiru Lillian."

"Yeye iko hali gani?"

"Mchana iko nalala. Anakula, analala na chakula mkononi. Usiku iko natembea. Alikuwa mutu mpole. Sasa anatukana mpaka mama yangu. Nilimpeleka kwa maombi. Wakasema ni pepo, wakaombea, pepo haikutoka. Kaka zangu wakasema huyu mwanamke amekuchoka, mrudishe kwao." Akatazama mikono yake. "Nimemrudisha. Iko Lurujo, kwa mama yake."

Severino akanyoosha kidole kwenye kompyuta iliyokuwa wazi mezani.

"Jina lake iko ndani ya hii?"

"Iko," Medina alisema.

"Soma basi. Nataka kujua walisema nini. Kama walisema iko mgonjwa, mimi nilimfukuza mgonjwa."

"Baba, haifunguki."

"Haifunguki namna gani? Si umesema iko ndani?"

"Iko ndani. Mimi mwenyewe nilimwandika. Lakini haifunguki."

Medina aliigeuza kompyuta ili aone. Alibofya, maandishi ya Kiingereza yakaja. Severino hakusoma Kiingereza, lakini aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Medina usoni, bila hasira, kama anayesubiri mtu amalize mzaha. Robert alianza kumweleza habari ya faili mbili, na folda, na shule, akaishia katikati. Ilikuwa kweli tupu, na hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika kama visingizio.

Waliacha maelezo wakaenda Lurujo. Robert alikodi gari. Severino akaacha baiskeli nyuma ya duka la mbegu. Walimkuta Lillian ameketi chini uani kwa mama yake, ungo wa karanga mapajani, akimenya. Ganda moja lilikuwa nusu limepasuliwa kati ya vidole vyake. Alikuwa amelala. Mama yake aliwapa viti akawaambia wasimwamshe haraka, akiamshwa haraka hupigana.

"Zamani alikuwa anamenya gunia kabla ya jua kuwa kali," mama alisema. "Sasa anakaa na ungo huo tangu asubuhi. Mimi namwachia tu, kwa sababu akiwa nao anatulia."

Lillian aliamka mwenyewe. Alimwona mumewe, akaangalia pembeni. Alipomwona Medina na kitambaa chake kichwani, akauliza kama yeye ndiye mwalimu wa Shamirah fulani. Medina akasema hapana. Jina la bintiye lilimchoma lilipotoka katika kinywa kile, ingawa alijua ni bahati tu, Shamirah ni wengi. Severino alichutama mbele ya mkewe.

"Lillian, twende hospitali."

"Kufanya nini? Mimi siumwi. Nyinyi ndiyo mnanichosha."

Ilichukua muda mrefu. Mwishowe alikubali kwa mama yake, si kwa mume, na aliingia garini na ungo wake; hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Kabla hawajafika Koboko alikuwa amelala tena begani kwa Medina, na karanga zilikuwa zikidondoka sakafuni kila gari liliporuka kwenye shimo.

Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakamwona mdudu. Daktari alisema imeshapanda kichwani, na kwamba siku hizi kuna vidonge, si kama sindano za zamani zilizokuwa zikiunguza mishipa. Lillian alivimeza vyote mbele ya nesi, kila siku baada ya kula, na Severino alikuwa mlangoni kila nesi alipofika. Baada ya dawa kwisha, usingizi wa mchana ukaanza kumwachia. Matusi yakakoma. Siku moja aliomba kitana.

Hayo yalikwenda vizuri, na Medina alimshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mtoto mdogo wa Lillian, aliyeachishwa ziwa wakati mama hajui mchana wala usiku, alikuwa amelelewa na bibi yake wa Dranya, na Lillian aliporudi nyumbani mtoto alijificha nyuma ya nguo za bibi. Mikono ya Lillian ilibaki ikitetemeka. Daktari alisema huenda itatulia, huenda haitatulia. Angefika mapema lingekuwa jambo jingine. Severino alimwuliza Medina mapema ni lini. Jibu lilikuwa kwenye faili.

Mradi ulifungwa mwaka uliofuata. Robert Obeti alipata kazi Adjumani ya mambo ya maji. Siku ya mwisho alitaka kulifuta lile faili, kisha akasema hana mamlaka. Akataka kumwachia mtu, na hakuwako wa kuachiwa. Akaifunga kompyuta kwenye sanduku lake, akalipeleka kwenye stoo ya wilaya, akatia sahihi. Ivan bado yuko Juba. Mara moja kwa muda mrefu humtumia Medina neno moja kwenye simu, labda jina la mtaa au la mwalimu wake wa zamani. Medina hujibu "Ahsante, mwanangu," ingawa hana tena mashine ya kulijaribia.

Yeye amerudi Awindiri, anashona sare za shule. Lillian humpigia simu wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, wanaongea habari za mvua na bei ya mbegu. Katika wale waliotakiwa kurudi, yeye peke yake ndiye Medina anayejua yuko wapi. Wengine wanaweza kuwa wazima, kwa kuwa wengi wa watu wa kurudi huwa ni wazima mwishowe. Ivan, Robert na daktari wote walimwambia hivyo, na ni kweli. Lakini wengi si wote. Nimemsikia zaidi ya mara moja, akikata kitambaa, akisema majina kwa sauti ya chini, anaanza moja halafu anakwama kwenye jina la baba, anarudi mwanzo, anakwama pale pale. Mteja akiingia huacha, akachukua futi na kumpima mtoto mabega.